Kikombe cha Nne

Barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri, huja mzee mmoja ambaye umri wake wote ameutumia katika kuuza dawa za miti. Siku moja kijana wa chuo, baada ya kumwamkia kwa adabu zote, alimwomba vipande vya mzizi fulani ili avipeleke maabara vikapimwe kama vina nguvu ya kupambana na virusi. Mzee hakupandisha sauti. Alimaliza kahawa yake, akakiweka kikombe chini, akasema: "Mjukuu wangu, bibi yangu aliwanywesha watu dawa hii kabla baba yako hajazaliwa. Leo mpaka chupa inisadiki?" Watu wakacheka, kijana akainamisha kichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ngisi. Mimi neno lile sikuweza kuliacha pale barazani.

Swali lililomo ndani yake laelezeka kwa maneno machache: je, kuitia dawa ya wazee katika mizani ya maabara ni kuivunjia heshima? Wapo wanaolijibu haraka. Wenye elimu ya kisasa husema kwamba penye ushahidi heshima haina la kufanya. Nao walinzi wa mila hukumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Majibu yote mawili nayaona ni ya watu waliokata shauri kabla ya kuulizwa. La kwanza linamwona mzee kuwa ni gunia la mizizi tu, na la pili linamsahau mgonjwa. Na mgonjwa ndiye mwenye haki ya mwanzo katika jambo hili, kwani kosa la yeyote kati yetu hulipwa na mwili wake yeye.

Kupima, katika lugha yetu, ni neno la bahari kama lilivyo neno la hospitali. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na nahodha anayekaribia mwamba humwamuru baharia atupe bildi ili ajue chombo kina pima ngapi za maji chini yake. Sijapata kusikia kwamba nahodha wa namna hiyo ameidharau bahari, wala kwamba amewadharau wazee waliomfundisha njia. Anapima kwa sababu amebeba watu. Neno jingine, kujaribu, lina uchungu zaidi: humo tumepata jaribio la mwanasayansi na humo humo tumepata majaribu yanayomsibu mja. Lugha imeyaweka mawili haya katika nyumba moja, nami nitaurudia ujirani wao.

Kwanza tuingie maabara, maana wengi wetu tunabishania nyumba tusiyoiona ndani. Mzizi au jani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika maji au spiriti, kisha huchujwa na kukaushwa hata ukabaki unga au rojo la rangi ya kahawia. Huo ndio mchujo. Kisha huletwa kibao cha plastiki, hakizidi ukubwa wa kiganja, chenye vishimo 96 mfano wa vikombe vya kuchezea watoto. Kila kimoja huchukua matone machache. Ndani yake hupandwa chembe hai. Katika maabara nyingi chembe hizo ni za ukoo uliotolewa katika figo la tumbili wa Afrika huko Japani mwaka 1962, nao umekuwa ukizaana mpaka leo ilhali tumbili mwenyewe amesahauliwa zamani.

Hesabu ya vikombe, ukiiondolea mapambo yake, ni nne. Cha kwanza kina chembe peke yake, ili ijulikane kwamba zinaishi. Cha pili kina chembe na virusi, ili ijulikane kwamba virusi vinaziua. Cha tatu kina chembe, virusi na mchujo wa mti. Hiki ndicho ambacho kila mtu hukikimbilia, kwani chembe zikisalimika humo, ndipo watu hushangilia. Cha nne kina chembe na mchujo tu, bila virusi. Hakuna anayekipiga picha. Kazi yake ni kuuliza swali moja lisilopendeza: dawa yenyewe, je, haiui?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa virusi kuliko kwa maradhi mengine. Kirusi hakina jiko lake. Huingia ndani ya chembe ya mtu, kikapikia chungu kile kile anachopikia mwenye nyumba, kikala na kuzaana humo. Kukiharibu ni kazi rahisi sana; tone la dawa ya kufulia nguo nyeupe likitiwa katika kikombe cha tatu litakimaliza kirusi mara moja, na chembe pamoja nacho. Kazi ngumu ni kumtoa mgeni bila ya kumzika mwenyeji. Ndiyo maana mpimaji mwaminifu haulizi tu ni kiasi gani cha mchujo kinachozuia virusi, bali huuliza kuna umbali gani kati ya kiasi hicho na kile kinachoanza kudhuru chembe. Umbali ukiwa mfupi, alichokipata ni sumu, hata kama jina lake ni dawa.

Na pana hila nyingine ambayo watu wa pwani tunaweza kuielewa upesi. Magamba ya mkandaa, yale yaliyotumiwa tangu zamani kwa kulainisha ngozi na kutia rangi nyekundu, yana kitu kiitwacho tanini. Tanini hushikamana na kila protini inayoikuta, na ndiyo sababu ngozi huiva kwayo. Miti mingi mno inayo. Ikitiwa katika kikombe, hukishika kirusi pia, na kijana asiyejua atatoka mbio kutangaza kwamba amevumbua. Wazoefu huitoa tanini kwanza, halafu ndipo hupima. Kwa hiyo zile habari tunazozisoma kila mara kwamba mti fulani umeua virusi maabara, mara nyingi si uongo. Ni ukweli wa kikombe, na kikombe si mtu.

Sasa nauleta usemi ambao kwa kuusema huenda nikagombana na wengi. Hakuna dawa isiyopimwa. Kila dawa hupimwa, na tofauti ni mahali inapopimwa. Isipopimwa kwenye kikombe, hupimwa kwenye mgonjwa, naye haambiwi kwamba yeye ndiye kikombe. Hapa ndipo jaribio na majaribu hukutana mlango mmoja.

Mfano ninao karibu. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya kuupima mmea uitwao na wanabotania Carissa edulis, kichaka chenye miiba na matunda meusi yanayoliwa. Mchujo wa mizizi yake, uliofanywa kwa maji, ulivizuia virusi vya herpesi, vile viletavyo malengelenge ya midomoni na ya siri, na chembe hazikudhurika sana. Panya walionyweshwa, maradhi yaliwachelewa. Hiyo ilikuwa kazi nzuri, nayo iliishia pale ilipoishia: herpesi, chembe, panya.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, kichaka hicho hicho, kwa jina la mugariga, kilichemshwa katika masufuria huko Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya Ukimwi, kisukari na maradhi mengine sugu. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita. Walikuja maskini na wenye vyeo, wengine wakifia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Sina haja ya kumhukumu marehemu, ambaye alifariki mwaka 2021. Shilingi 500 si bei ya mtu anayetafuta utajiri kwa ulaghai, na mfa maji haachi kutapatapa. Aliye na mtoto anayekufa haulizwi kwa nini amekodi lori.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikupata kufikiriwa vya kutosha. Wataalamu wa serikali waliichunguza ile dawa na wakatangaza kwamba haina madhara kwa mnywaji. Hilo lilikuwa jibu la kikombe cha nne. Umma ulilisikia kana kwamba ni jibu la kikombe cha tatu: ikiwa haidhuru, basi inaponya. Wapo walioacha vidonge vya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi wakiamini wamekwisha kupona. Kinywaji kisichoua chembe hata moja kiliweza, kwa njia hiyo, kumuua mtu. Na foleni ile, iliyokuwa jaribio kubwa pengine kuliko yote yaliyopata kufanywa katika nchi ile, kwa walio wengi haikuacha hata mstari wa daftari wa kusema nani aliingia na nini na alitoka vipi. Watu walijaribiwa, na hata faida ya kujaribiwa kwao haikuhifadhiwa.

Nalinganisha na jambo jingine, lenye uhusiano wa mbali na ufuo wetu. Tangu mwaka 1989 kina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani, ambao ndani yake mna utelezi uitwao karajinani. Viwanda huutia katika dawa ya meno na aiskrimu. Jamii hiyo ya utelezi, iliyopatikana kwa mwani, ilionekana maabara kwamba huvifunika virusi vya Ukimwi visiweze kuingia katika chembe. Katika kikombe cha tatu ilifanya vizuri, na katika cha nne vizuri zaidi. Matumaini yalikuwa makubwa: mwanamke ambaye mumewe hakubali kondomu angeweza kujikinga mwenyewe bila ya kuomba ruhusa. Wanawake zaidi ya 6,000 wa Afrika ya Kusini walikubali kushiriki. Waliambiwa wazi kwamba nusu yao watapewa dawa na nusu watapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na kwamba hakuna anayejua kama itafaa. Mwaka 2008 jibu lilitoka: haina madhara, na haikingi.

Yalikuwa matokeo ya kuvunja moyo, na kwa muda nami niliyahesabu kuwa ni hasara. Siku hizi siyahesabu hivyo. Wanawake wale walikuwa vikombe kama walivyokuwa watu wa Samunge, ila wao waliulizwa. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo tusemavyo, na kwa uji ni sawa. Kwa dawa ni lazima aulizwe. Na jibu walilolipata, ingawa lilikuwa la hapana, ni mali ya kila mwanamke ajaye, kwa sababu hakuna atakayeuziwa tena utelezi ule kwa jina la kinga.

Ipo pia heshima ya mpimaji mwenyewe kujiweka mbele. Malaria si virusi, lakini kisa cha Tu Youyou wa China kinafaa hapa. Alipoupata mchujo wa pakanga, kwa kufuata maelezo ya kitabu cha tiba cha karne ya nne, mwaka 1972 yeye na wenzake waliunywa wao kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Dawa iliyotokana na kazi ile ndiyo tuitumiayo leo, na tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2015. Mwaka 2020, Madagaska ilipotoa kinywaji cha mmea huo huo kwa ajili ya korona na Tanzania ikatuma ndege kukifuata, marais walionekana na chupa mikononi. Kunywa mbele ya kamera na kunywa mbele ya daftari ni vitendo viwili mbali kabisa.

Mpaka hapa itaonekana nimekwisha kumshinda mzee wetu. La hasha. Nimejibu neno lake la juu tu, na chini yake kulikuwa na neno jingine ambalo hakulitamka mbele ya watu.

Mwaka 1984 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Paul Alan Cox, ambaye mama yake alikuwa amefariki kwa saratani, alihamia na familia yake kisiwani Savaii, nchi ya Samoa, katika kijiji cha Falealupo. Aliketi na waganga wanawake, akajifunza lugha yao, akaandika waliyomwambia. Mmoja wao, Epenesa Mauigoa, alimweleza juu ya mti uitwao mamala, ambao shina lake hutumika kwa homa ya ini. Waganga wale hawakuchukua mamala yoyote. Walijua aina mbili mahali ambapo mwanabotania aliona moja, na walichagua shina la unene fulani. Vipande vilipelekwa katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na mwaka 1992 ikachapishwa kwamba ndani ya mamala mna kemikali iitwayo prostratini, yenye kuzuia virusi vya Ukimwi visiue chembe. Jambo la ajabu ni kwamba mamala ni wa ukoo wa miti ambayo kemikali zake za namna hiyo aghalabu huchochea saratani. Hii haikuchochea. Baadaye ilionekana pia kwamba huviamsha virusi vinavyojificha usingizini ndani ya chembe, mahali ambapo vidonge vya kawaida havifiki.

Hapa pana fumbo la haki ambalo linanishinda kila ninapolifikiri. Mganga yule hakusema Ukimwi, alisema ini. Alichokijua yeye na kilichoonekana maabara si kitu kimoja. Mwanasheria mkavu angesema: huyu hakuvumbua, basi hadai. Hata jina la prostratini halikutoka kwake, kwani kemikali hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana katika mmea mwingine wa New Zealand. Lakini bila ya neno lake, nani angeukaribia mti ule, wa ukoo unaoogopwa, katika maelfu ya miti ya dunia? Neno lake halikuwa jibu. Lilikuwa kidole kinachoelekeza. Naona kwamba kidole hicho kina haki, hata kama aliyeelekeza alitaka kukuonyesha kisima na wewe ukakuta dhahabu.

Wasamoa na wenzao waliandika hivyo. Mwaka 2001 shirika la utafiti lililotaka kuifanya prostratini kuwa dawa liliahidi kuwa asilimia 20 ya faida itarudi Samoa, igawiwe serikali, kijiji na familia za waganga. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichotaka kuzitumia jeni za mti huo, kilikubali kugawana na Samoa nusu kwa nusu. Na kabla ya hayo yote, kijiji kilipobanwa kuuza msitu wake wa Falealupo kwa wakata magogo ili kijenge skuli, Cox alichangisha fedha za skuli, na wazee wa kijiji wakaahidi kuulinda msitu kwa miaka 50. Prostratini mpaka leo haijawa dawa ya kuuzwa, na asilimia 20 ya kitu kisichouzwa ni sifuri. Skuli ipo.

Mahali pengine hapakuwa na mganga wala neno. Sarawak, kisiwani Borneo, mwaka 1987 wakusanyaji walichuma majani na vijiti vya mti mmoja kwa bahati tu. Kemikali yake ilipoonekana kuvizuia virusi vya Ukimwi, walirudi, wakakuta mti ule umekwisha kukatwa, na mingine ya aina yake haikutoa kitu kile kile. Mti ule ni ndugu wa mtondoo wetu, ule ambao mbegu zake zilitukamulia mafuta. Na mwaka 1993 mtondoo nao ulichapishwa kuwa una kemikali za jamii ile. Sisemi mtu akachemshe mtondoo. Nasema kuwa mti uliokatwa hauwezi kupimwa, na mzee aliyezikwa na neno lake vivyo hivyo.

Wiki chache baadaye nilimkuta mzee peke yake barazani, nikamsimulia habari za Samoa kutoka mwanzo. Alisikiliza huku akikunjakunja karatasi ya kufungia dawa.

"Huyo bibi," aliuliza, "jina lake waliliandika?"

"Waliliandika, babu. Hata mimi huku nimelisoma."

"Na dawa imekuwa dawa?"

"Bado."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia nimwambie yule kijana aje kwake nyumbani, asubuhi, si barazani. Aje na daftari, maana jina la bibi yake ni refu na watu hulikosea. Na asithubutu kwenda kuchimba peke yake. Kuna mti jike na mti dume, nao kwa macho ya mtoto wa skuli ni mmoja.

Nilimpa kijana salamu zile. Alichoniuliza ni kama afike saa moja au saa mbili.